Fishi ya Mtu wa Kambove

Nilikuwa karani mwenye maringo. Sioni haya kulisema sasa, maana maringo yenyewe yalikwisha zamani. Katika ofisi ya kampuni moja ya mafundi wa chuma hapa Lubumbashi, mji ambao wakati ule wazungu waliuita kwa jina la malkia wao, mimi ndiye niliyeandika fishi. Kila mfanyakazi alikuwa na fishi yake, karatasi ngumu ya rangi ya maziwa: jina, baba, mama, kazi, na mstari mmoja wa Kifaransa ambao sisi tuliusoma kama swali tulilolizoea, kwenu ni wapi. Mwandiko wangu ulisifiwa. Mzungu mkuu wa ofisi aliwaonyesha wageni fishi zangu kama mtu anayeonyesha mbwa anayejua kusimama kwa miguu miwili, nami nilifurahi, mpumbavu mimi.

Mstari ule wa kwenu ni wapi sikuwa nikiuogopa. Nani angeuogopa? Ulitumika kwa jambo moja tu: mgawo wa nyumba za kampuni. Watu wa upande mmoja waliwekwa mstari mmoja, watu wa upande mwingine mstari wa pili, ili wasigombane kisimani. Basi siku moja, miaka kadhaa kabla ya uhuru, alikuja fundi mmoja kijana wa kulehemu, mtu wa Kambove, hapa hapa Katanga, baba na babu wote wa kule kule, wakulima waliokuta migodi imewaotea mashambani. Alikuwa ameoa binti wa Kikasai, wa jimbo la jirani. Alisimama mbele ya meza yangu akiikunja kofia yake.

“Yaya,” aliniambia, maana ndivyo tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa, “naomba uniandike mi niko muntu wa Kasai. Utie kijiji ya shemeji yangu.”

“Ju ya nini?”

“Ju bibi yangu iko na mimba ya kwanza. Anaogopa. Anapenda tukae pembeni ya kaka yake na bibi ya kaka yake.”

Nilicheka. Nilimwambia mapenzi yatamfanya asahau hata jina la babake. Kisha nikaandika, kwa mwandiko mzuri, kijiji cha shemeji yake kule Kasai. Wiki ile ile akapewa nyumba, na mtoto akazaliwa salama mikononi mwa mke wa mjomba wake. Baadaye walihama wakaja mtaa wa Kamalondo, nyumba tatu kutoka kwangu, na alipopita asubuhi na baiskeli yake alinipigia kengele. Fishi ilibaki vile vile sandukuni. Hakuna aliyekumbuka kuibadilisha, mimi nikiwa wa kwanza kusahau.

Yangu mimi ilikuwa na hadithi yake. Baba yangu alikuja kutoka Kasai kwa kazi ya reli, akanizaa Kambove. Karani aliyenitangulia, mvivu wa kupindukia, aliniuliza nilizaliwa wapi badala ya kuniuliza kwetu ni wapi, akaandika Kambove, akafunga sanduku. Kwa hiyo ndani ya sanduku moja la mbao, mtu wa Kambove alikuwa Mkasai, na Mkasai alikuwa mtu wa Kambove. Kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa la kuchekesha.

Kisha Katanga ikajitenga na Kongo, na sisi wa Kasai tukahesabiwa maadui. Bendera ilibadilika, noti za benki zikabadilika, na swali la kwenu ni wapi likatoka ofisini kwangu likaenda kusimama barabarani. Uliulizwa kwenye vizuizi vya njia ya Luano, kwenye uwanja wa ndege, ulikoona moshi na kusikia ndege zikishuka bila kujua zimemleta nani. Uliulizwa sokoni na muuza unga uliyemzoea. Jirani aliyekuwa akiniazima shoka alianza kuniita “wewe mugeni” kwa mzaha, halafu bila mzaha. Mama yangu, ambaye hakuwahi kujifunza Kiswahili vizuri, tulimzuia asiende kisimani, kwa sababu akifungua mdomo tu amejitaja. Alikaa ndani akimenya karanga na kutazama mlango.

Ofisini tuliletewa mtu wa kuketi kwenye benchi karibu na dirisha. Hakuwa na kazi. Alikuwa wa chama kilichotawala Katanga, mtu mzima mwenye adabu, shati lake limepigwa pasi, na siku nzima alikula karanga akipanga maganda kwenye kizingiti cha dirisha, moja baada ya jingine, mstari ulionyooka. Alitusalimu kila asubuhi kwa kututaja majina. Mimi ningependa zaidi atutukane.

Na hapa niseme kuhusu sala ya saa sita. Kanisa la parokia halikuwa mbali, na kengele ya adhuhuri ilipolia, tangu siku yangu ya kwanza kazini, niliacha mashine ya kuandika, nikaweka mikono juu ya vitufe bila kuvibonyeza, nikasali Malaika wa Bwana. Mkuu wa ofisi aliniruhusu dakika ile moja. Alisema inapunguza makosa yangu ya mchana. Nilisali kwa Ciluba, lugha ya Kasai, kama alivyonifundisha mama. Sijui kusali kwa lugha nyingine. Kwa Kifaransa naona kama namwandikia Mungu barua ya maombi ya kazi. Lakini tangu yule wa karanga aketi pale, nilisali mdomo umefungwa, hata ulimi nikauzuia. Nilitoka kwenye sala nimechoka kuliko nilivyoingia.

Jumatatu moja mkuu aliniita. Hakunitazama. Alisema kwa Kifaransa kwamba inatakiwa orodha ya wafanyakazi wote kwa asili zao, nakala tatu kwa karatasi ya kaboni, iwe tayari Ijumaa mchana. Nakala moja ya kampuni, moja ya serikali, ya tatu hakusema ya nani. Alitupa jicho upande wa benchi na kurudi kwenye karatasi zake.

Nilianza kuchapa. Nitasema ukweli wote, maana nimezeeka na sina cha kuficha: niliwachapa wengi. Watu waliotoka Kasai kweli, niliokula nao, mmoja alikuwa baba wa ubatizo wa mwanangu. Nilijiambia ni kazi, ni karatasi tu, karatasi haina meno. Jumatano asubuhi nikafika kwenye fishi ya fundi wa kulehemu. Mwandiko wangu mwenyewe ulinitazama kutoka pale. Fishi chache nyuma yake, iliyoandikwa Kambove, ilikuwa yangu, imekaa salama kwenye kiti cha mtu mwingine.

Kubadilisha fishi kulihitaji saini ya mkuu, na saini ilihitaji maelezo. Ningeanza kueleza ya mmoja, wangefungua sanduku lote. Nilizifunika fishi mbili zile na kitabu cha barua nikaendelea na herufi zilizofuata.

Jioni ile alikuja kwangu, na mkewe nyuma yake, mtoto wa pili mgongoni. Hawakuketi.

“Yaya, ku atelye ya chuma banasema iko liste ya majina,” alisema polepole. “Banasema bale ya Kasai bote watatoka ku kazi, na kisha bale bajeune, bale vijana ya chama, watapita ku nyumba. Mi niko wapi mu ile liste?”

“Sijafika kwako,” nilisema.

Alinitazama. Alijua mpangilio wa herufi kama mimi, alisoma mpaka darasa la sita.

“Utafika lini?”

“Kesho.”

“Aya. Utakumbuka mi niko muntu wa Kambove,” akasema, na mkewe akainamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Walipotoka, mama alinisemesha kutoka kwenye kona yake, kwa Ciluba: “Umemdanganya mtoto wa watu nikiwa nasikia.” Chakula kilinishinda. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia fundi na mapenzi yake ya kijinga, nikamkasirikia yule karani mvivu, ambaye alikwisha kufa na hakuweza kujitetea.

Alhamisi baada ya kazi nilikwenda kuungama. Si kwamba nilikuwa mtakatifu. Nilikwenda kwa sababu kifua kilikuwa kimenibana, na sikujua mlango mwingine wa kubisha. Padri alikuwa mzee Mbelgiji aliyesema Kiswahili cha Lubumbashi vizuri kuliko sisi wenyewe. Nilimweleza fishi zote mbili. Nilitaka anipe rozari tatu nirudi nyumbani.

“Mwivi akiungama,” alisema padri, “tunamuambiaka nini?”

“Arudishe kile aliiba.”

“Njo hivyo. We uko na kintu ya muntu. Urudishe. Kisha kuya kwangu, nitakupatia maondoleo ya dhambi.”

“Padri, nikirudisha yake, yangu itaonekana.”

“Mi sikusema itakuwa bure.”

Nilitoka bila maondoleo, nimekasirika kweli kweli. Nilitembea Kamalondo yote, nikipita baa zilizokuwa zimefungwa mapema na mafundi cherehani waliokuwa wakiingiza mashine ndani jua lingali juu. Kwenye ukuta mmoja mtu alikuwa amechora alama ya msalaba kwa makaa. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Mbele nikaona mlango mwingine wenye alama hiyo, kisha wa tatu, na wote watatu niliwajua wenye nyumba, na wote niliwachapa mwenyewe.

Usiku sikusali kuomba fishi zipotee, wala ofisi iungue, ingawa nilifikiria. Nilisema neno moja tu, nionyeshe cha kufanya kesho saa za kazi. Nikalala. Hilo ndilo la ajabu, nililala.

Ijumaa nilijichelewesha na kazi makusudi mpaka karibu na adhuhuri. Kisha nilipiga moyo konde, nikazichukua fishi mbili, nikaziweka mbele ya mkuu. Nilimwambia ya fundi: kwamba niliandika uongo, kwamba yule ni mtu wa Kambove, ukoo wa pale pale, na niliyekosa ni mimi. Mkuu alichoka usoni. Maganda ya karanga yaliacha kupangwa dirishani.

“Nani atashuhudia?” aliuliza kwa Kifaransa. Akaichukua fishi ya pili, yangu, akaitazama, na nikaona uso wake ukilegea. “Lakini wewe mwenyewe ni wa Kambove. Basi. Sema kwamba unaujua ukoo wake, ni watu wa kwenu, nami natia saini. Sema tu.”

Alikuwa akinisaidia. Mpaka leo naamini alikuwa mtu mwema aliyefanya kazi mbaya, kama mimi. Neno moja lilitosha: ndiyo. Fundi angepona, mimi ningepona, mama angeendelea kumenya karanga. Na kwa kuwa ningeshuhudia kweli kuhusu fundi, hata dhambi yenyewe ingekuwa ndogo.

Hapo kengele ikalia.

Mikono yangu haikuwa na mashine ya kuwekwa juu yake. Niliishikanisha mbele yangu, nimesimama, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe kama ulivyozoea kabla ya siku zile. Nilisali kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, kwa Ciluba, mwanzo hadi mwisho. Je, ulikuwa ujasiri, au nilisahau? Nimejiuliza miaka yote. Ninachojua ni kwamba katikati ya sala kile kilichokuwa kimenibana kifuani tangu Jumatatu kiliachia, na nilihisi nimesimama kwenye sakafu. Sikuwa na furaha. Nilikuwa nimetulia tu, na sikuwahi kutulia hivyo hata siku ya arusi yangu.

Nilipomaliza hakukuwa na mtu aliyekuwa akichapa.

“Kumbe,” alisema yule wa benchi kwa upole, “karani wetu anasaliaka Ciluba.”

“Njo luga ya mama yangu,” nilimjibu. Kisha nikamgeukia mkuu. “Mimi nilizaliwa Kambove, Bwana, lakini baba yangu alitoka Kasai. Mtu wa Kambove ni yeye. Mimi siye.”

Mkuu alitia saini kwenye ile ya fundi, akapiga mhuri, na kwa Kifaransa, akimtazama yule mwingine, akasema kwamba mtu anayejitia kitanzi mwenyewe hawezi kuwa anadanganya juu ya jirani yake. Fishi yangu aliiacha mezani bila kuiandika.

“Nenda nyumbani,” aliniambia. “Nenda sasa hivi. Usipitie barabara kubwa.”

Yule wa chama aliyafagia maganda yake yote kwenye kiganja, akayatia mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu aje akasimama kabla ya saa ya kutoka.

Orodha iliyobaki aliimaliza karani mwingine. Mungu alinionyesha mtu mmoja wa kumrudishia kwao. Wale wengine niliowachapa sawasawa, kwa kweli yao, sikumwuliza Mungu juu yao, na hilo ndilo linalonikaa rohoni kuliko uongo wote niliowahi kuandika.

Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi. Nilimkuta nyumbani, amerudi kula cha mchana, anafunga tairi la baiskeli. Nilimwambia nikiwa natweta, najivunia hata katika hofu yangu: “Mudogo wangu, umepona. Mukubwa alitia saini. Uko muntu wa Kambove sasa.”

Aliendelea kufunga tairi. “Na bibi yangu?”

Fishi ya mke haikuwapo. Mke alikuwa wa baba yake, na baba yake wote walimjua kuwa ni Mkasai.

“Mi niliomba ile fishi ju ya yeye, yaya,” alisema. Hakusema kwa hasira. “Si ju ya nyumba.”

Padri alinipa maondoleo Jumamosi. Jumapili asubuhi, tukiwa tunajiandaa kwenda misa, tuliona msalaba wa makaa mlangoni kwetu. Mama aliutazama, akasema angalau wamechora alama ya Kikristo, akaanza kufunga sufuria zake kwenye kitenge. Tulitoka kwa miguu, mimi, mama, mke wangu na watoto, bila kufunga mlango, tukafuata watu waliokuwa wakitoka kila uchochoro na magodoro kichwani, wote wakielekea upande mmoja, kwenye uwanja wa mahema walikokaa askari wa Umoja wa Mataifa, tuliowaita ONU. Nyuma yetu kulisikika vioo vikivunjwa. Hakuna aliyegeuka kutazama ni vya nani.

Kule waliuliza nani anajua kuandika. Mke wangu alinisukuma mbele kabla sijaficha mikono. Walinipa meza, daftari na kazi ile ile: jina, watoto, kwenu ni wapi. Lakini nyuma ya kiti changu hapakuwa na mtu wa karanga. Walikuwapo vijana wetu wenyewe, wa Kasai, wenye fimbo na minyororo ya baiskeli, waliochomewa nyumba na waliokuwa wakitafuta wa kulipizia kisasi. Waliamini kila asiye wa kwetu ni mpelelezi. Siku moja kabla ya sisi kufika, mtu aliyejibu vibaya alitolewa kwenye mstari, na blanketi lake lilikuwa bado limelala majanini, hakuna aliyeligusa.

Siku ya tatu, jua limesimama juu ya kichwa, niliinua macho nikamwona fundi wa kulehemu. Alikuwa na mkewe na watoto wawili na kengele ya baiskeli mkononi, sijui kwa nini aliing'oa akaileta. Hakunisalimu. Mkewe alikuwa amefumba macho.

Niliuliza kama nilivyomuuliza kila mtu, na sauti yangu ilitoka sawa.

“Kwenu ni wapi?”

Alikitaja kijiji cha shemeji yake. Alikitaja vibaya, kwa lafudhi ya Kambove, na nikasikia fimbo nyuma yangu ikihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

“Karani,” alisema kijana mmoja, akiinama begani kwangu, “uyu muntu unamujua?”

Ilikuwa saa sita. Kule hakukuwa na kengele, lakini mwili ulikuwa unaijua saa yake. Niliweka mikono juu ya daftari kwa muda wa sala moja fupi, na utulivu ule ule wa Ijumaa ukaja, haukusita, haukuniuliza kitu.

“Namujua,” nilisema. “Fishi yake niliandika mimi mwenyewe.”

Kijana alirudi nyuma. Nilichovya kalamu nikaandika Kasai, kwa mwandiko wangu mzuri. Nimeungama mengi tangu siku ile, hata ya kumnyima mama chumvi. Hilo sijaliungama bado.